Fundi Bila Chombo ni Jembe Bila Mpini: Mafunzo ya Kazi kwa Watu Wenye Ulemavu

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu asiyeona, au kiziwi, au aliyelemaa mguu, hawezi kuongeza kitu chochote katika ghala la nyumba yao. Humpa chakula, humpa nguo na mahali pa kulala, kisha husema wamemaliza wajibu wao. Huo ni wema, lakini ni wema nusu. Mtu mzima hapendi kulishwa siku zote kama kifaranga, naye mkulima mwenye akili haachi mikono miwili ikae bure katika msimu wa kupalilia.

Makala hii yataka kuwaeleza wakulima wa Nakuru, Baringo, Kericho na Nyandarua mambo matatu. La kwanza ni msaada uliopo kwa watu wenye ulemavu. La pili ni mahali yanapopatikana mafunzo ya kazi. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni mambo ambayo jamaa wa nyumbani yawapasa kuyatengeneza kabla mwanafunzi hajaondoka, ili siku ya kurudi asije akakaa bure kama alivyokaa kwanza.

ULEMAVU HAUTOKANI NA LAANA

Bado wako watu wanaomficha mtoto mlemavu chumbani mgeni anapobisha hodi, wakidhani ya kuwa ni aibu ya ukoo. Tuziangalie sababu zenyewe. Wengi katika wazee wetu wanaotembea kwa magongo waliugua polio utotoni, kabla chanjo haijaenea nchini. Wengine waliumia katika ajali za barabarani, na kila mtu wa Rongai anaijua habari ya magari pale Salgaa. Wengine walikatwa vidole au mkono na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Tena iko sababu moja ya nchi yetu hasa. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika kila lita ya maji. Mtoto akinywa kwa miaka mingi maji yanayozidi sana mpaka huo, kwanza meno yake hugeuka rangi ya kahawia, na baadaye hata mifupa yake yaweza kupinda. Mwisho wa miaka ya 1990 Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya kuchuja maji haya kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, maana makaa hayo huishika floridi. Mtu asiye na chujio na akinge maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo.

Basi, polio, magari, mashine na maji: laana iko wapi hapo? Kumficha mtu mwenye ulemavu ili asipate huduma zake ni jambo lililokatazwa waziwazi katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003. Wala watu hawa si wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa katika Kenya nzima watu wapatao 900,000, wenye umri wa miaka 5 na zaidi, wana ulemavu. Hao ni kama watu wawili katika kila mia.

KAZI HII HAIKUANZA JANA

Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945, askari wengi wa Afrika Mashariki walirudi na majeraha. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha huko Thika kazi yake ya kuwafundisha wasioona, nayo ndiyo iliyokuwa shule mashuhuri ya wasioona ya Thika. Chama cha Wasioona cha Kenya kilianzishwa mwaka 1956, na mwaka 1958 kikaanzishwa chama cha kuwasaidia waliolemaa viungo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 jirani zetu wa Uganda walifungua mahali panapoitwa Salama, karibu na Mukono, ambapo watu wasioona walifundishwa kulima shamba. Waliokuwa wakisaidia kazi hiyo ni chama kilichoanzishwa mwaka 1950 na John Wilson, Mwingereza ambaye yeye mwenyewe alikuwa haoni. Fikira yao ilikuwa nyepesi: ikiwa watu wengi wa Afrika ni wakulima, basi asiyeona wa Afrika naye kwanza afundishwe ukulima, wala asifundishwe kusuka vikapu tu kama ilivyokuwa desturi Ulaya.

Baada ya uhuru Serikali ya Kenya ilianza kujenga vyuo vyake. Mwaka 1971 kilifunguliwa chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu mjini Nairobi, na vingine vikafuata mikoani. Mwaka 1980 nchi yetu iliutangaza kuwa mwaka wa kitaifa wa walemavu, mwaka mmoja kabla Umoja wa Mataifa haujafanya vivyo hivyo kwa ulimwengu mzima.

HATUA YA KWANZA NI KUANDIKISHWA

Sheria ya 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2025 ilitungwa sheria mpya mahali pa ile ya zamani, na Baraza likaendelea na kazi yake. Baraza lina ofisi katika kila kaunti. Mtu asiyeandikishwa hapo ni kama ng'ombe asiye na alama: hata akiwa na haki, hakuna wa kumtambua.

Njia ya kuandikishwa ni hii. Mtu mwenye ulemavu huenda katika hospitali ya serikali iliyopewa ruhusa ya kupima ulemavu, na daktari huandika taarifa yake. Taarifa ile hupelekwa kwa Baraza, na mtu huandikwa katika daftari na kupewa kadi. Usisahau kuchukua kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa ikiwa ni mtoto. Ikiwa hujui pa kuanzia, muulize chifu, au naibu wake, au afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yako. Kuandikishwa na Baraza hakuna malipo. Mtu akikwambia umpe "kitu kidogo" ili akupatie kadi, mkatae.

Mtoto mdogo asingojee mpaka awe mkubwa. Tangu mwaka 1984 viko vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaonyesha wazazi shule ifaayo. Mjini Nakuru, kwa mfano, iko shule ya viziwi ya Ngala. Kiziwi aliyejifunza lugha ya ishara tangu utotoni atafundishika ufundi wowote. Yule aliyefungiwa nyumbani mpaka miaka 20, mwalimu wake wa ufundi hana budi kuanza na lugha kwanza. Katiba ya 2010 yaitaka Serikali iendeleze lugha ya ishara ya Kenya pamoja na maandishi ya nukta nundu ya wasioona.

FEDHA ZA KILA MWEZI ZAFAA, LAKINI HAZIJENGI

Tangu mwaka 2011 Serikali imekuwa ikizisaidia nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali, yaani yule anayehitaji kutunzwa na mtu mwingine wakati wote. Msaada huo umo katika mpango uitwao Inua Jamii, na kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Shilingi 2,000 mara miezi 12 ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Ukizigawanya kwa siku 365 utapata karibu shilingi 66 kwa siku. Fedha hizi zaweza kununua unga na sabuni, nazo ni neema kubwa kwa mama asiyeweza kutoka kwenda kibarua kwa sababu ya mgonjwa wake. Lakini hakuna mtu atakayejenga nyumba au kusomesha mtoto kwa shilingi 66 kwa siku. Tena si kila mwenye ulemavu hupewa. Kijana aliyelemaa mguu mmoja, mwenye mikono imara na akili timamu, hatapewa fedha hizi, wala hazimfai. Yeye huyu yampasa apate kazi.

VYUO VILIPO

Serikali ina vyuo 12 vya kuwafundisha ufundi watu wenye ulemavu. Kwa watu wa Nakuru vilivyo karibu ni cha Kabarnet, ambacho hufikiwa kwa njia ya Mogotio na Marigat; cha Kericho, kwa njia ya Mau Summit; na cha Nyandarua. Katika vyuo vya namna hii hufundishwa ushonaji wa nguo, useremala, kazi za ngozi, kazi za chuma, ufumaji na nyinginezo. Masomo si yaleyale katika kila chuo, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipa nauli.

Kwa viziwi wanaotaka ufundi wa juu kiko chuo cha Karen mjini Nairobi, na kwa wasioona kiko chuo cha Machakos. Vilevile mtu mwenye ulemavu aweza kuomba nafasi katika chuo cha ufundi cha kawaida kilicho karibu na kwao. Shirika la Kazi Duniani lilishauri tangu mwaka 1955 ya kuwa, inapowezekana, mwenye ulemavu afundishwe pamoja na wengine na kwa masharti yaleyale. Shauri hilo ni jema, maana fundi atakayefanya kazi sokoni pamoja na watu wote yafaa ajifunze pamoja nao.

Mwanafunzi ajitahidi kufanya mtihani wa ufundi wa Serikali, ambao huanza na daraja la tatu na kupanda mpaka la kwanza. Cheti hicho hakisemi kama mwenye nacho ana mguu mmoja au miwili. Chasema tu ya kuwa kazi yake ni nzuri.

KAZI ZA SHAMBANI ZINAZOWEZEKANA

Si lazima kila mtu aende chuoni. Shamba lenyewe ni shule, ikiwa kazi itatengenezwa ili imfae mtu. Haya ni mashauri machache.

Kwa asiyeona: Chukua kamba ndefu, uifunge fundo kila baada ya sentimita 25, uivute shambani kati ya vigingi viwili. Mpanzi huifuata kamba kwa mkono, na kila penye fundo huchimba shimo na kutia mbegu ya mahindi. Akimaliza mstari, vigingi vyote viwili husogezwa sentimita 75, ambazo hupimwa kwa kijiti kilichokatwa kwa urefu huo. Mistari yake itanyooka kuliko ya wengi wanaoona. Zizi la mbuzi na nyumba ya kuku hufikika kwa kamba nyingine iliyofungwa toka mlangoni. Ila kila chombo kirudishwe mahali pake palepale, wala mtoto asiache jembe njiani.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu: Jenga kitalu kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye nafasi chini yake ya kuingiza magoti. Humo aweza kuotesha miche ya kabichi, sukuma wiki, vitunguu na nyanya za kuuza kwa majirani. Njia ya kupita iwe na upana wa mita moja, nayo ishindiliwe changarawe ili magurudumu yasizame katika matope ya Aprili.

Kwa kiziwi: Hakuna kazi ya shamba asiyoiweza. Jambo moja tu la kuangalia ni mashine. Kabla ya kuwasha trekta au mashine ya kupukuchua mahindi, wafanyakazi wote na wakubaliane ishara za mkono za kuwasha, kusimamisha na hatari. Ishara hizo zitawafaa hata wenye masikio, maana mashine ikinguruma hakuna asikiaye.

Kwa mwenye mkono mmoja: Kuchagua mbegu za viazi, kuokota na kupanga mayai, kuandika daftari la maziwa, na kufuga nyuki ni kazi nzuri kwake.

Kwa aliye mzito wa kuelewa: Igawanye kazi katika hatua ndogo, umwonyeshe moja moja, na ifanywe kwa utaratibu uleule kila siku. Kwanza maji ya kuku, kisha chakula, kisha mayai. Akishazoea hatasahau, na mara nyingi atakuwa mwaminifu kuliko kibarua. Lakini asiachwe peke yake penye mashine ya kukatia majani au penye dawa za kunyunyizia.

KABLA MWANAFUNZI HAJAONDOKA

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Tuseme yuko kijana wa Molo aliyelemaa miguu. Anapelekwa chuoni, anajifunza kushona, anapata cheti. Jamaa wanafurahi, wanamchinjia kuku. Baada ya mwezi mmoja yuko pale pale barazani alipokuwa amekaa zamani, na cheti kimo sandukuni. Kwa nini? Kwa sababu hana cherehani, hana chumba cha kufanyia kazi, na nyumba yao iko bondeni mbali na barabara, mahali ambapo wateja hawafiki. Kijana huyu hakushindwa masomo. Waliobaki nyumbani ndio hawakujitayarisha.

Kwa hiyo wazazi, kaeni pamoja na huyo kijana mwenyewe kabla hajaondoka, mkayaamue mambo manne:

1. Kazi gani? Msimchagulie bila kumuuliza. Tazameni soko la kwenu lahitaji nini. Palipo na mafundi cherehani kumi, pengine fundi wa viatu au mwenye kuuza miche atapata wateja upesi zaidi.

2. Mahali gani? Mfanyie chumba karibu na barabara au sokoni, penye njia ya kupita magongo au kiti. Ikiwa kazi yake ni ya shamba, mkatie kipande chake, mkionyeshe mbele ya ndugu zake. Mtu asiwaambie ya kuwa mwenye ulemavu hana haki ya urithi. Yeye ni mtoto wa nyumba kama wengine, awe mwana au binti.

3. Chombo gani? Anza kuweka akiba ya chombo siku ile ile anapoanza masomo. Mfuko wa maendeleo ulio chini ya Baraza husaidia kwa vifaa vya kazi, pamoja na viti vya magurudumu, magongo na fimbo nyeupe, tena husaidia vikundi vilivyoandikishwa. Basi peleka ombi mapema, maana waombaji ni wengi. Wenye ulemavu wachache wakiungana na kufanya kikundi watasikilizwa vizuri kuliko mtu mmoja mmoja, na waweza pia kuuliza habari za Mfuko wa Uwezo.

4. Fedha zake zitakuwa mkononi mwa nani? Hapa wengi huharibu. Fundi hushona, lakini kaka hupokea malipo. Mwishowe fundi huchoka na kuacha. Fedha ya kazi yake na ashike yeye, kisha achangie nyumbani kama watu wazima wote wanavyochanga.

Fundi bila chombo ni jembe bila mpini. Chuma ni kizuri na kimenolewa, lakini hakiwezi kulima.

WENYE MASHAMBA MAKUBWA NA WAAJIRI

Neno moja kwa waajiri. Sheria ya mwaka 2025 yataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau nafasi 5 katika kila 100 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Katika mashamba ya maua ya Naivasha na viwanda vya maziwa, kazi za kuchagua, kupanga, kuhesabu na kufunga huweza kufanywa na kiziwi au na mtu aliyekaa kitini. Serikali nayo hutenga sehemu ya 30 katika kila 100 ya manunuzi yake kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye kuku wa mayai au viazi chaweza kuandikishwa na kuomba kuuzia shule au hospitali.

MANENO YA MWISHO

Msomaji, mwezi huu tazama nyumba yako na ya jirani. Ukimwona mtu mwenye ulemavu ambaye hajaandikishwa, msindikize mpaka ofisini. Ikiwa ameandikishwa, muulize anataka kujifunza nini. Ikiwa amekwisha kujifunza, muulize amepungukiwa na chombo gani. Maswali hayo hayana gharama, na jibu lake laweza kumtoa mtu barazani na kumweka kazini. Tena mwambie Bwana au Bibi Shamba wenu, anapokuja kufundisha, aulize kama yuko nyumbani mtu ambaye hakuitwa mkutanoni. Mvua hunyesha shamba zima bila kuchagua mstari, na mafunzo ya kilimo yafaa yawe vivyo hivyo.